Lebo Arobaini na Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekuwa mfanyabiashara. Rasmi. Kalamu, shuhudia.

Nimebadilisha baiskeli yangu kwa robota zima la midoli ya manyoya. Mtumba, limefungwa mikanda ya bati, halijaguswa na mtu. Muuza marobota aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia mimi na uhakika tulizaliwa siku moja. Akapanda baiskeli na kuondoka mbio, hata nyuma hakugeuka. Woga huo. Alijua ameliwa.

Nimelisukuma robota mpaka dukani kwa Kaka. Kaka ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Duka ni chumba cha mbele. Nyumba iko nyuma, unavuka ua tu. Ndani mna vyerehani viwili, meza ya kukatia, na kona moja tupu chini ya dirisha. Kona hiyo naimezea mate tangu niache shule. (Niliishia kidato cha pili. Shule haikunishinda. Niliivumilia sana, basi tu nikachoka.)

Kaka akauliza hilo dude ni nini. Nikamweleza kwa upole, kama unavyomweleza mtu aliyesoma hesabu za sentimita tu: kuna watu duniani wananunua midoli ya zamani kwa bei ya ng'ombe. Nimesikia redioni. Akauliza nitaijuaje ya zamani. Nikasema kwa jicho langu. Akasema jicho hilohilo ndilo lililochagua suruali niliyovaa.

Tukafikia masharti. Kona ni yangu mpaka Jumamosi jioni. Jumamosi inaletwa mashine ya ovaloki, ile ya kufungia kingo za nguo ili nyuzi zisichomoke. Nikiwa nimeuza kitu cha maana, ovaloki itatafutiwa pengine na kona ni yangu moja kwa moja. Nikishindwa, Jumapili nakwenda kwa Mjomba kufuga kuku.

Kufuga ni jina la heshima. Ni kuzoa mavi.

Pasi alicheka mpaka akajiunguza kidole. Pasi ni mwanagenzi wa Kaka. Suruali yake ina mistari miwili mbele ambayo unaweza kukatia mkate. Ovaloki ikija, atakayeikalia ni yeye. Tangu mchana anaitazama kona yangu kama mrithi anavyomtazama mgonjwa.

Atangoja.

Jumanne, 4 Juni

Bahati imenifuata mpaka mlangoni, tena na mkoba.

Saa nne aliingia mama mmoja wa makamo, mrefu, miwani juu ya kichwa na lenzi ya kukuzia ikining'inia shingoni kwa kamba. Nimempa jina Mama Lenzi. Alileta sketi ibadilishwe zipu. Wakati Kaka anaitafuta zipu ya rangi yake, mama akaliona robota langu, limefunguliwa juu tu. Akasimama. Akauliza ni la nani. Pasi akaninyooshea kidole kama anayemtaja mwizi.

Kumbe ni mmoja wa wale wa redioni! Nyumbani kwake ana chumba kimejaa makabati ya kioo, na ndani mna midoli iliyozeeka kuliko yeye. Watu wanakuja kuitazama. Wanalipa. Nilimwona kabisa akipambana na hamu ya kuingiza mkono robotani, lakini gari la kumchukua lilikuwa linapiga honi nje. Akasema atarudi Jumamosi asubuhi kuchukua sketi, na hapo tutakaa vizuri. Wakati anasubiri stakabadhi akanifundisha dalili. Nimeandika zote:

Macho ya zamani ni ya kioo. Ukiligonga jicho kwenye meno yako linalia na lina ubaridi. La plastiki ni vuguvugu, halisemi kitu.

Tumbo la zamani limejazwa maranda, yale mabanzi membamba yanayodondoka seremala akipiga randa. Ukibonyeza ni gumu na linakwaruza. La siku hizi ni pamba, linabonyea kama shavu.

Mikono na miguu ya zamani inazunguka begani na nyongani, kama kishikio cha mlango.

Manyoya ya zamani ni ya mbuzi, magumu kidogo, na yamenyonyoka mahali mtoto aliposhika sana.

Halafu akainua kidole. Akasema kubwa kuliko yote ni lebo, kile kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mshono. Akasema, "Lebo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa, mwanangu. Kwa hiyo usifue, usishone, usikate. Acha kila kitu kilivyo."

Nikamwambia asiwe na shaka, yuko mikononi mwa mtaalamu.

Mchana kutwa nimepima macho kwa meno. Pasi alinikuta nimemng'ata sungura usoni. Amewasimulia wateja watatu.

Jumatano, 5 Juni

Nimewaza usiku kucha juu ya cheti cha kuzaliwa. Kichwa changu kikianza kuchemka huwa hakizimiki.

Nikajiuliza: vyeti vya kuzaliwa vinawekwa wapi? Shemeji, mke wa Kaka, anacho cha mwanawe. Kiko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hajamshonea mtoto shingoni. Hata mara moja. Mtoto anacheza matopeni, cheti kiko juu, kisafi. Ndivyo watu wenye akili wanavyofanya.

Sasa midoli yangu hii, vyeti vyao viko wapi? Matakoni! Kwenye mishono, vinakaliwa, vinakusanya vumbi. Nilisikitika.

Nimechukua mkasi mdogo wa Kaka. Nimekata lebo zote. Taratibu, uzi kwa uzi, kwa upendo. Arobaini na tatu. Nimeziweka kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikafunga kifuniko, nikalificha nyuma ya mzigo wa vitambaa vya kaki.

Najua alisema usikate. Alimaanisha usikate mdoli. Mdoli sijagusa.

Leo nitalala usingizi wa mtu aliyeweka mambo yake sawa.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi niliwatoa wote robotani, nikawapanga sakafuni kwenye kona, safu tano. Midoli arobaini na mitatu. Nikafungua kopo. Lebo arobaini na tatu. Nikamwita Pasi aone jinsi biashara inavyoendeshwa na watu wazima.

Pasi akatazama kopo. Akatazama sakafu. Akakohoa kwanza, maana hasemi neno bila kukohoa, kisha akauliza ipi ni ya nani.

Swali la kipumbavu. Nimelifikiria kwa saa moja na nusu.

Nilijaribu kukumbuka. Tembo wa kijivu nadhani alikuwa na nyeupe. Au alikuwa simba. Kuna lebo thelathini nyeupe. Jasho likaanza kunitoka sehemu ambazo sikujua zinatoa jasho.

Halafu akili ikarudi, tena imekuja na ndugu zake. Kwani nani aliyesema lebo nzuri lazima iwe ilikuwa kwa mdoli mzuri? Huenda viwanda vilikosea. Mimi nina nafasi ya kurekebisha. Lebo bora kwa mdoli bora, lebo ya kati kwa mdoli wa kati. Haki itendeke.

Adhuhuri Kaka na Pasi wakaenda shuleni kupima wanafunzi viuno. Nikakalia cherehani cha Kaka. Mimi ni fundi wa kuzaliwa, ila sijawahi kushona. Uzi uliokuwamo ulikuwa wa kaki, wa kaptula za shule. Si neno, kaki inakwenda na kila kitu.

Lebo moja ilizizidi zote. Ndogo, ya rangi ya manjano iliyokolea, herufi zake hazikuchapwa bali zimefumwa kwa uzi wa dhahabu, lugha ya mbali huko. Pembeni ilikuwa imeng'ang'aniwa na vinyweleo vitatu vinne vigumu. Nilivipuliza, vikagoma kutoka, nikaviacha. Hii nikampa dainosa. Dainosa wa zambarau, mkubwa kama mto wa kulalia, laini, macho yamekaa kirafiki, zipu tumboni. Mfalme wa robota. Nikamwongezea na lebo ya pili mkiani, nyekundu. Mtu wa hadhi yake, cheti kimoja hakimtoshi.

Nilikuwa nimefika kwa twiga, na lebo ya mwisho, nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Kibogoyo.

Kibogoyo ni binti wa Kaka. Miaka sita, meno mawili ya mbele yamekwenda likizo. Ananiita Baba Mdogo, kwa sauti ambayo unajua kabisa anakuja kukuomba kitu. Alikuwa ametoka shule, mkoba bado mgongoni. Akauliza kama baba yake anajua nimekalia cherehani chake. Akauliza kama yule mama mwenye lenzi anajua nazigawa lebo upya. Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Akakaa. Akaanza kuimba kwamba Baba Mdogo anashona, Baba Mdogo anashona, na mlango ulikuwa wazi.

Nikamwambia achague mdoli mmoja, awe wake, na mdomo ufungwe. Niliomba kimoyomoyo asimguse dainosa.

Akapita safu zote tano, mikono nyuma kama mkaguzi. Unajua alichagua nini? Sikuamini bahati yangu. Dubu mmoja mdogo, mbovu kuliko wote! Amenyonyoka tumbo zima, kabaki na manyoya magumu mgongoni na masikioni. Mgumu kama tofali, ukimbonyeza anakwaruza. Ananukia kabati la mtu aliyefariki. Mikono yake imelegea, inazunguka ovyo. Jicho moja limepotea, na lililobaki ni zito na la baridi. Kibogoyo alilibusu likagonga jino lake, tiii.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mtoto wa fundi, hajui kuchagua!

Akauliza kwa nini huyu hana lebo. Ni kweli, kwa vile dainosa alikuwa na mbili, mmoja alibaki bila. Nikamwambia huyu hana cheti, hana ukoo, wa mtaani tu. Alininunia. Akamfunika dubu masikio.

Mambo ya macho na maranda ni ya kubahatisha. Lebo imeandikwa. Mimi naamini kilichoandikwa.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya matayarisho.

Nimefagia kona. Nimemkalisha dainosa kwenye kigoda, chini yake kitambaa cha bitana kinachong'aa (mabaki, Kaka hajakitafuta bado). Wengine nimewapanga kwa cheo. Nimechora bango: MIDOLI YA KALE, VYETI VIPO. Pasi akasema "vipo" nimekiandika vizuri, ila "kale" imepinda. Wivu ni ugonjwa wa moyo, aende akapimwe.

Alichofanya baadaye ndicho kilichoniudhi. Alichukua futi kamba, akaja kuipima kona. Urefu. Upana. Akarudia. Mara ya tatu akanipima na mimi, kutoka ukutani mpaka mabegani, akaandika kwenye karatasi, akanong'ona kwamba ukitolewa huo uchafu mashine inaingia bila shida. Nikamuuliza uchafu upi. Akasema midoli pia.

Mjomba alimpigia Kaka simu. Nilisikia upande mmoja tu. Kaka alisema ndiyo, yuko mzima. Ndiyo, ana mikono miwili. Hapana, gamboti hana.

Nikatoka nje kupata hewa. Muuza marobota akapita na baiskeli yangu. Ameifunga kengele mpya. Akaipiga.

Kibogoyo simwelewi. Anatembea na lile dubu bovu kila mahali, hata chooni. Jioni alimwomba baba yake kipande cha kitambaa cheupe na sindano. Alipewa. Kaka anayenipigia kelele nikishika mkasi! Akaenda kukaa ngazini uani, ulimi nje, akishona na kujichoma.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha wateja. "Mama, huyu unayemwona hapa ametoka mbali." Naacha kimya kidogo. Natikisa kichwa. Ninatisha.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike haraka kabla hasira haijapoa. Au si hasira. Sijui ni nini.

Mama Lenzi alifika saa tatu kamili. Hakuiulizia sketi. Alikuja kwenye kona moja kwa moja, miwani imeshuka puani, lenzi mkononi. Kaka alikuwa cherehanini. Pasi alikuwa anapiga pasi shati lililokwisha pigwa pasi, apate kusikia.

Nikaanza hotuba. Nilipofika kwenye "ametoka mbali" aliinua mkono ninyamaze. Alikuwa ameona lebo ya dhahabu. Akainama, akaweka lenzi. Akaisogeza karibu zaidi, nami nikaanza kuiona baiskeli yangu ikirudi nyumbani yenyewe.

Halafu akaigeuza shingo ya dainosa. Akaona zipu. Akaona mkia.

"Kijana wangu," akasema, "huyu alizaliwa mara mbili?"

Nikasema ni wa ukoo mkubwa, mama.

Akambonyeza tumbo. Dainosa akaimba.

Naapa sikujua kama anaimba! Akahesabu moja mpaka kumi, kwa furaha, kwa lugha ya kigeni, taa inawaka shavuni. Alipofika kumi akaanza upya. Mama Lenzi akasubiri kwa adabu amalize. Kisha akasema kiwanda kilichofuma lebo ile kilifungwa kabla mama yake mzazi hajaolewa, na wakati huo hakuna mdoli aliyekuwa na betri.

Pasi akakohoa. Nilijua. Akasema yeye hataki kuingilia, lakini uzi ule wa kaki ni namba ileile ya kaptula za shule. Akaleta kaptula moja ili mama alinganishe. Akaiweka kando ya shingo ya dainosa, mistari ya pasi imesimama.

Mama Lenzi akawageuza tembo, simba, sungura. Kaki, kaki, kaki. Nikamweleza habari ya vyeti na kopo la biskuti, kwa ufupi. Nilitegemea atapiga kelele. Alivua miwani akaifuta, akakaa kwenye kigoda cha dainosa, dainosa kwenye mapaja yake, bado anahesabu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba lebo ile ni ya kweli. Ameitafuta miaka kumi na saba. Akanionyesha kwa lenzi vile vinyweleo vilivyong'ang'ania pembeni: manyoya ya mbuzi, rangi ya asali.

"Lebo ninayo," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Manyoya magumu. Rangi ya asali. Yamebaki mgongoni na masikioni tu.

Tiii, likasema jino kichwani mwangu.

Niliruka meza ya kukatia. Nilivuka ua kwa hatua tatu. Kibogoyo alikuwa ngazini anamnywesha dubu maji ya kujifanya. Nikamwambia tubadilishane. Nikamtolea tembo. Akakataa. Nikamtolea tembo na twiga na simba. Nikamtolea wote arobaini na wawili na robota lenyewe na mikanda yake. Nikamtolea dainosa, anaimba yule, hebu sikiliza anavyoimba kule dukani.

Akatega sikio. Akasema, "Yule anaimba. Huyu anasikiliza."

Nikambeba yeye na dubu wake juujuu mpaka dukani.

Mama Lenzi hakumshika dubu. Aliomba ruhusa kwanza. Kibogoyo akamkabidhi mwenyewe, mikono miwili, akimwagiza amshike kichwa. Jicho la kioo. Bega linazunguka. Tumbo la maranda. Akampindua kutafuta mshono ilipokatwa lebo. Pale pale palikuwa na kitambaa cheupe, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, mafundo kila upande, na maandishi ya kalamu: HUYU ANA UKOO.

Mama Lenzi alikisoma mara mbili, mara ya pili bila lenzi. Akasema katika kona nzima hii ndiyo lebo pekee iliyo mahali pake.

Kisha akataja bei. Siiandiki, inaniumiza. Niseme tu kwamba Kaka alitoa mguu kwenye pedali, na Pasi aliiacha pasi juu ya shati mpaka likatoa moshi. Kona ilikuwa yangu. Na baiskeli. Na kengele.

Lakini mama akasema hanunui mdoli wa mtoto bila kumuuliza mtoto. Ndiyo kanuni yake. Akachuchumaa. Kibogoyo akauliza dubu atalala wapi. Mama akasema kwenye kabati la kioo, salama kabisa. Kibogoyo akauliza na nani. Nilimpungia mama mikono nyuma ya mgongo wa mtoto, nikamkonyeza, nikamwonyesha ishara ya watu wengi, wengi sana. Aliniona vizuri tu. Akajibu, "Peke yake, mama." Watu wakweli wanaua biashara.

Kibogoyo akasema basi hapana.

Hapo ndipo Kaka aliponigeukia. Kaka si mtu wa maneno. Akasema tuelewane kwanza, mzigo ulikuwa wangu, basi jibu ni langu. Akauliza, "Bwana mdogo, ulimpa, au ulimwazima?"

Neno moja. Ningesema nilimwazima, dubu ni wangu, na kuku wa Mjomba wangejizolea wenyewe. Ulimi ulikuwa umeshakaa tayari kwenye "az". Kibogoyo hakulia hata. Alinitazama tu, na kupitia pengo la meno nikaona anapumua harakaharaka.

Nikasema, "Nilimpa."

Sijui ulimi ulikumbwa na nini. Huenda ni joto. Nitauchunguza.

Mama Lenzi alikaa nusu saa nzima akiifumua lebo ya dhahabu kwenye dainosa, akairudisha kwa dubu kwa mkono, mshono mdogo usioonekana, kando ya ile ya Kibogoyo. Hakutoza kitu. Akamwomba Kibogoyo awe anamleta dubu kumtembelea, na akapewa miadi: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ikiwa dubu hana mafua. Akachukua sketi yake. Mlangoni akaniambia nina moyo mzuri, ila nisishike mkasi tena.

Ovaloki imeingia saa kumi. Imeenea kwenye kona kama iliyokatiwa. Pasi alipima kweli.

Jumapili, 9 Juni

Nimefunga mzigo. Kaka amenipa gamboti zake za zamani, akaninong'oneza kwamba jana nilisimama kama mwanaume, kisha akanikumbusha kitambaa cha bitana.

Pasi ameninyooshea shati la safari, bila kuombwa. Ameliunguza kidogo kola. Namhesabia kuwa amenipenda.

Midoli arobaini na miwili nimemwachia Kibogoyo. Amewapanga kwa urefu na anawasomesha. Dainosa amewekwa nje ya darasa kwa kelele.

Nilipovaa shati nikasikia kitu kinanichoma shingoni. Kitambaa cheupe, uzi mwekundu, mafundo: HUYU NI BABA MDOGO WANGU. AKIPOTEA ARUDISHWE. Vumbi la uani liliniingia macho yote mawili.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya nne kwa Mjomba. Kuku mia moja themanini na wawili. Mavi sihesabu.

Sakafu ya banda imemwagwa maranda. Nilipoyaona nilicheka peke yangu. Mjomba anadhani nina wazimu kidogo, jambo ambalo linanisaidia nisipewe kazi ngumu.

Ila Mjomba hajui biashara, maskini. Kila kuku amemvisha pete ya plastiki mguuni. Nyekundu ni aliyechanjwa na anataga. Njano ni mgonjwa, amemeza dawa, mayai yake hayaliwi. Kijani ni wa mbegu, hauzwi hata kwa kaka yako. Mteja akija anatazama pete kwanza, ndipo anataja bei. Mjomba aliniambia mwenyewe, "Hiyo pete ndiyo kitambulisho chake, usicheze nayo." Halafu kitu muhimu kiasi hicho anakiacha mguuni, kinakanyaga mavi kutwa nzima!

Mjomba amekwenda mjini kupeleka mayai. Nimezivua zote. Taratibu, mguu kwa mguu, na mkasi sikushika, nilivua kwa mikono. Kwa hiyo usije ukasema sikumsikiliza Mama Lenzi.

Pete mia moja themanini na mbili, nimeziosha kwa sabuni, zinang'aa, ziko koponi. Nikimaliza kuandika nitaanza kuwavisha upya kabla hajarudi, safari hii kwa mpango: kijani kwa wenye manyoya mazuri. Kuna jogoo mmoja mwekundu anatembea kifua mbele kama ana mashamba. Huyo nimemtengea tatu.